HERUFI ZA VITONE NA LUGHA ZETU



Ukurasa wa sayansi safari hii unazungumza juu ya herufi: namna kompyuta za zamani zinavyozichora juu ya kioo, na namna mwanafunzi anavyoweza kuzichora yeye mwenyewe. Katika nchi nyingi kuna watu wanaopenda kufufua mashini za miaka ya 1970 na 1980. Wengine wanatengeneza mashini zenyewe. Wengine wanatumia programu inayoiga mashini ya zamani ndani ya simu ya Android au ndani ya kompyuta mpya. Wengine tena wanaunga kioo kidogo na nyaya chache, kisha wanakifanya kiandike maneno. Ni kazi ya mapenzi, haiko na mshahara. Lakini wote wanakutana na kitu kimoja: fonti ya bitimapu, maana yake mkusanyo wa herufi zilizochorwa kwa vitone.

Tumechagua somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni hesabu tupu na haihitaji umeme: kaye ya miraba, penseli na kifutio vinatosha. Ya pili, mashini hizo zilitengenezwa na watu wasiojua lugha zetu, na herufi ambayo hawakuichora haiwezi kutokea kwenye kioo. Hapa Luberizi, katika siku moja tu, mtu anasikia Kifuliiru, Kiswahili, Kifaransa, Lingala na Kirundi. Basi tujue mashini inaweza kuandika nini, inashindwa wapi, na dawa yake ni ipi.

I. HERUFI NI MIRABA ILIYOJAA NA MIRABA MITUPU

Ukiangalia kwa karibu sana kioo cha kompyuta ya zamani, hutaona mstari wa mviringo hata mmoja. Utaona vitone tu, vimepangwa sawa na miraba ya kaye ya hesabu. Kila kitone kinawaka au kimezimika, hakuna hali ya tatu. Mashini nyingi za wakati ule ziliipa kila herufi nafasi ya miraba 8 kwa upana na miraba 8 kwa urefu, jumla miraba 64. Commodore 64 na ZX Spectrum, zote mbili za mwaka 1982, zilifanya hivyo.

Hii ni herufi A. Alama X ni kitone kinachowaka, nukta ni kitone kilichozimika:

. . . X X . . .
. . X . . X . .
. X . . . . X .
. X . . . . X .
. X X X X X X .
. X . . . . X .
. X . . . . X .
. . . . . . . .

Mwanafunzi atauliza: juu ya nini mstari wa chini ni mtupu, na mraba wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari ni mitupu pia? Haiko makosa. Nafasi hiyo ndiyo inayotenganisha herufi na jirani yake, na mstari wa maneno na mstari unaofuata. Tungejaza miraba yote, maneno yangeshikamana na kuwa ukuta.

Tusidharau kaye ya miraba. Bibi Susan Kare, aliyechora picha ndogo na herufi nyingi za kompyuta Macintosh ya mwaka 1984, alianza kuchora picha zake katika daftari la miraba, akijaza mraba mmoja kwa kitone kimoja. Miaka ilipita, na mwaka 2015 kurasa za daftari hilo ziliingia katika jumba la sanaa za kisasa la New York.

II. KUTOKA VITONE KWENDA NAMBA

Kompyuta haijui picha, inajua namba. Kwa hiyo tunaipa kila mraba thamani yake. Kuanzia kushoto thamani ni hizi:

128   64   32   16   8   4   2   1

Kila thamani ni nusu ya ile iliyo kushoto kwake. Sasa jumlisha thamani za vitone vinavyowaka tu, mstari kwa mstari. Kwa herufi A yetu tunapata hivi:

Mstari wa 1:  16 + 8 = 24
Mstari wa 2:  32 + 4 = 36
Mstari wa 3:  64 + 2 = 66
Mstari wa 4:  64 + 2 = 66
Mstari wa 5:  64 + 32 + 16 + 8 + 4 + 2 = 126
Mstari wa 6:  64 + 2 = 66
Mstari wa 7:  64 + 2 = 66
Mstari wa 8:  hakuna kitone = 0

Basi kwa mashini, A ni namba nane: 24, 36, 66, 66, 126, 66, 66, 0. Ukimpa mwenzako namba hizo bila picha, naye anaweza kuirudisha picha bila kukosea. Sababu ni kwamba kila jumla inapatikana kwa njia moja peke yake. Namba 36, kwa mfano, ni 32 na 4. Hakuna mchanganyiko mwingine wa thamani zile nane unaoifikia. Hii ndiyo hesabu ya msingi wa mbili tunayosoma darasani. Mraba mmoja ni biti moja, na mstari wa miraba 8 ni baiti moja.

III. UZITO WA FONTI NZIMA

Herufi moja ya mistari 8 inachukua baiti 8. ZX Spectrum ilikuwa na alama 96 za namna hiyo, kwa hiyo fonti yake nzima ilikaa katika baiti 96 × 8 = 768. Commodore 64 ilikuwa na alama 256 katika seti moja, yaani baiti 2048. Baadaye nafasi ya herufi iliongezwa: katika kompyuta za IBM zenye mfumo wa VGA, ulioanza mwaka 1987, herufi ilipewa mistari 16, na alama 256 zikahitaji baiti 4096.

Namba hizo ni ndogo mno. Ujumbe wa SMS peke yake unabeba baiti 140. Fonti ya ZX Spectrum, pamoja na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama zote, ingeingia katika SMS 6. Ndiyo maana wapenda ufundi wa leo wanaendelea kutumia fonti hizo. Kioo cha simu ya Nokia 5110 ya mwaka 1998, ambacho wengi wanakiunga kwenye sakiti zao, kiko na vitone 84 kwa 48 tu. Ukitumia herufi za upana wa vitone 5, na kuacha kitone 1 katikati, unapata herufi 14 kwa mstari mmoja. Ukihesabu vitone 8 kwa urefu, unapata mistari 6. Herufi laini ya leo ingeharibika katika nafasi hiyo, lakini herufi ya vitone iliyochorwa vizuri inasomeka.

IV. NANI ALICHAGUA HERUFI ZILIZOMO?

Hapa ndipo somo linatugusa sisi wenyewe.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha ya alama inayoitwa ASCII, na mwaka 1967 ikawa na herufi kubwa na ndogo. Orodha hiyo iko na nafasi 128. Nafasi 33 ni amri kwa mashini, na nafasi 95 ni alama za kuandika, ukihesabu na nafasi tupu kati ya maneno. Ndani yake hakuna é, hakuna ç, hakuna à. Ni herufi za Kiingereza.

Kiswahili kilipata bahati. Maandishi yake ya Kilatini hayana alama juu ya herufi. Hatutumii q wala x, na c iko ndani ya ch tu. Sauti ya ng' katika ng'ombe tunaiandika kwa alama ndogo ya pembeni, na alama hiyo imo katika ASCII. Kwa hiyo mashini ya zamani isiyojua lolote juu ya Afrika inaandika Kiswahili kamili, bila kupungukiwa hata na herufi moja. Kurudufu irabu, kama tunavyoandika Kifuliiru kwa i mbili, nako hakuhitaji herufi mpya.

Kifaransa hakikupata bahati hiyo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na orodha ya nafasi 256. Ndani yake kulikuwa na é, è, ê, à, ç na hata É kubwa. Lakini À, È na Ê kubwa hazikuwemo, wala œ ya neno sœur. Wakati huohuo, alama nne za karata zilipata nafasi, nyuso mbili zinazocheka zilipata nafasi, na nafasi 48 zilipewa mistari na vipande vya kuchorea fremu na jedwali. Tusiwalaumu bure: mashini iliuzwa kwanza huko Marekani, na wafanyabiashara walitaka jedwali zao zionekane vizuri. Lakini tuone wazi kwamba kila orodha ni uchaguzi wa mtu. Asiyekuwepo mezani hakuhesabiwa.

Lingala inaonyesha hasara yenyewe. Wataalamu wa lugha za Afrika walikutana Bamako mwaka 1966, kisha Niamey mwaka 1978, chini ya UNESCO, wakapanga herufi kwa sauti za lugha zetu. Kati ya herufi hizo ziko ɛ, ɔ na ŋ. Katika Lingala iliyoandikwa kwa uangalifu, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Mashini ya mwaka 1981 haikuwa na ɔ kabisa. Mwandishi alilazimika kuandika moto na kumwachia msomaji kazi ya kukisia: ni mtu, au ni moto unaowaka?

Wengine watasema kitone kimoja ni kitu kidogo. Wanaosoma Mathayo sura ya 5 wanakumbuka kwamba Bwana Yesu, alipotaka kuonyesha uzito wa Torati, alitaja herufi ndogo kuliko zote na alama ndogo ya kalamu. Na jina la mtu ni vilevile. Jina lililoandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na namna ingine kwenye diploma linaweza kumsumbua mwenyewe kwa miaka.

V. KUJICHOREA HERUFI ISIYOKUWEMO

Sasa dawa. Kama herufi ni namba nane tu, basi mwanafunzi yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuongeza herufi iliyosahauliwa. Tuchore ɛ:

. . . . . . . .     0
. . . . . . . .     0
. . X X X X . .    60
. X . . . . . .    64
. . X X X . . .    56
. X . . . . . .    64
. . X X X X . .    60
. . . . . . . .     0

Kwa ɔ tunatumia akili kidogo. Herufi c ni 0, 0, 60, 64, 64, 64, 60, 0. Tukiigeuza kama kwenye kioo cha kujitazamia, kushoto kunakuwa kulia. Mstari wa 60 haubadiliki, kwa sababu uko sawa pande zote mbili. Mstari wa 64, wenye kitone kimoja upande wa kushoto, unakuwa 2. Basi ɔ ni 0, 0, 60, 2, 2, 2, 60, 0.

Alama ya juu iko na matatizo yake. Herufi ndogo inaanza mstari wa 3, kwa hiyo juu yake tuko na mistari miwili tu. Tukiweka alama kwenye mistari yote miwili, inashikamana na herufi. Njia iliyo safi ni kuiweka kwenye mstari wa 1 peke yake, na kuacha mstari wa 2 mtupu. Kwa é tunaweka vitone viwili kulia kwa kati, 8 + 4 = 12. Kwa è tunaviweka kushoto kwa kati, 32 + 16 = 48. Jicho la msomaji linatofautisha kwa upande tu, na linazoea haraka. Kwa njia hiyo ɔ́ ni 12, 0, 60, 2, 2, 2, 60, 0.

Herufi kubwa ni ngumu zaidi, maana inakaa kuanzia mstari wa 1 mpaka wa 7 na haiachi nafasi juu. Ukitaka É, lazima uipunguze E yenyewe iwe na mistari 5. Hivyo: 12, 0, 126, 64, 124, 64, 126, 0. Hapo tunaelewa kwamba herufi kubwa zenye alama zilikuwa mzigo kwa wachoraji wa zamani hata pale walipotaka kuziweka.

Kuiingiza herufi ndani ya mashini kulikuwa rahisi katika kompyuta fulani. BBC Micro ya mwaka 1981, iliyotumiwa sana katika shule za Uingereza, ilikuwa na amri moja kwa kazi hiyo: VDU 23. Baada yake unaandika namba ya nafasi, kuanzia 224 mpaka 255, kisha namba zako nane. Leo ziko programu zinazoiga mashini hiyo, na mwenye kuwa nayo anaweza kujaribu hivi:

10 MODE 4
20 VDU 23,225,0,0,60,2,2,2,60,0
30 VDU 23,226,12,0,60,2,2,2,60,0
40 PRINT "m";CHR$(226);"t";CHR$(225)

Mstari wa 10 ni wa lazima, kwa kuwa mashini ile ikiwashwa inaanza katika hali ambayo haikubali herufi za mtumiaji. Mstari wa 20 unafundisha ɔ, wa 30 unafundisha ɔ́, na wa 40 unaandika mɔ́tɔ. Kwa mistari minne, neno ambalo mashini haikulijua sasa linasomeka.

VI. MTEGO WA MANENO YALIYOTOKA KWENYE SIMU

Mtu akiandika maneno yake kwenye simu ya leo, halafu ayapeleke kwenye mashini ya zamani, anaweza kukuta uchafu. Sababu ni hii. Tangu mwaka 1991 kuna orodha kubwa inayoitwa Unicode, ambayo inakusanya maandishi ya dunia nzima, na ɛ, ɔ na ŋ zimo. Mwaka 1992 ulipatikana mpango wa kuiandika kwa baiti, unaoitwa UTF-8. Katika mpango huo alama za ASCII zinabaki baiti moja, lakini é inakuwa baiti mbili, na alama nyingine tatu au nne. Mashini ya zamani haijui mpango huo. Inasoma kila baiti kama alama yake peke yake.

Kwa hiyo Françoise akipita kwenye orodha ya IBM ya mwaka 1981 anakuwa Fran├ºoise. Na hata Kiswahili, tulichosema kiko salama, kinaweza kunaswa. Simu nyingi zinabadilisha alama iliyonyooka ya ng' kuwa alama iliyopinda, na hiyo iliyopinda ni baiti tatu. Ng'ombe wetu anatokea kwenye kioo kama ngΓÇÖombe. Mtu asiyejua sababu atafikiri mashini imekufa. Haijafa. Rudisha alama iliyonyooka, na kila kitu kinatulia.

Kanuni tunayopendekeza ni hii: kabla ya kuanza kazi, andika orodha ya alama zote zilizomo katika maneno yako, kisha ilinganishe na orodha ya fonti. Kila alama isiyokuwemo, amua mapema: utaichora, au utabadilisha neno. Usiiachie mashini iamue.

VII. KIOO KIDOGO CHENYE NAFASI NANE

Kioo kinachotumiwa sana na wanaoanza ufundi ni kile cha mistari 2 ya herufi 16, kinachoendeshwa na chipu ya Hitachi HD44780 ya miaka ya 1980 au na chipu zinazoiiga. Herufi zake ni za vitone 5 kwa 8. Ziko ndani tayari, na huwezi kuzifuta. Lakini watengenezaji waliacha nafasi 8 kwa mtumiaji kuchora anachotaka. Ni nane tu, hakuna ya tisa.

Hapo uchaguzi unakuwa wetu sisi. Tuseme darasa linataka kioo hicho kitangaze saa za masomo kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala. Kiswahili hakidai nafasi hata moja. Kifaransa kinaweza kudai é, è, ê, à, ç, ô, î na û, na tayari nane zimeisha. Lingala imekuja imechelewa, na ɛ na ɔ hazina pa kukaa. Darasa lifanye nini?

Dawa ni kuhesabu, siyo kugombana. Angalia ni alama zipi zinatokea kweli katika matangazo yenu. Pengine û haitokei hata mara moja kwa mwaka, itolewe. Pia programu inaweza kubadilisha zile nane kila tangazo linapobadilika, maana sheria ya nane inahusu kile kinachoonekana kwenye kioo kwa wakati mmoja. Lakini tukumbuke jambo moja: walioketi mwaka 1981 kuchagua herufi 256 walikuwa na kazi kama hii hii. Sasa tuko mahali pao. Tusifanye kwa jirani yetu lile tunalolalamika tulifanyiwa.

VIII. KUTUMIA KAZI YA WENGINE KWA UAMINIFU

Haiko lazima kuchora kila kitu upya. Mwaka 1998 Roman Czyborra alianzisha fonti ya vitone inayoitwa Unifont, ambayo leo inabeba maelfu na maelfu ya alama za Unicode, na ɛ, ɔ na ŋ zote zimo. Faili yake ni maandishi ya kawaida. Kila mstari ni herufi moja. Huu ni mstari wa A:

0041:0000000018242442427E424242420000

Namba kabla ya nukta mbili ni nafasi ya herufi. Zinazofuata ni mistari 16 ya vitone, kila mstari umeandikwa kwa tarakimu mbili za heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16, ambamo A ni 10 na F ni 15. Ondoa sifuri za mwanzo utaona 18, 24, 42 na 7E. Geuza kwa hesabu yetu ya kawaida: 18 ni 16 + 8, yaani 24. Namba 24 ya huko ni 32 + 4, yaani 36. Namba 42 ni 64 + 2, yaani 66. Na 7E ni 7 × 16 + 14, yaani 126. Ndizo namba zetu za sehemu ya II! Mchoraji yule aliye mbali na mwanafunzi wa Luberizi wanaandika A kwa umbo la namna moja, kwa kuwa miraba ni ileile.

Unifont inatolewa kwa ruhusa inayokubali kuitumia, kuibadilisha na kuigawa. Uko pia mkusanyo mkubwa wa fonti za kompyuta za zamani, The Ultimate Oldschool PC Font Pack, wenye ruhusa ya kuutumia kwa sharti la kumtaja mwenye kazi na kuitoa kazi yako kwa sharti hilohilo. Masharti hayo yasomwe kabla ya kuchukua. Kumtaja aliyechora hakugharimu franga hata moja, na kunyamaza ni wizi. Nawe ukichora ɔ nzuri kuliko yetu, andika jina lako na tarehe chini ya mchoro, ili atakayeitumia ajue wa kumshukuru.

ZOEZI

1. Hii ni herufi gani: 64, 64, 64, 64, 64, 64, 126, 0?
2. Andika namba nane za H kubwa.
3. Fonti ya alama 128 zenye mistari 16 inachukua baiti ngapi, kama kila mstari ni baiti moja?
4. Tangazo linasema: « Les élèves sont priés d'être à l'école à 7 heures. » Linadai nafasi ngapi kati ya zile nane za kioo kidogo?
5. Herufi n ni 0, 0, 92, 98, 66, 66, 66, 0. Iongezee mkia kwenye mstari wa 8 ili iwe ŋ.
6. Chukua jina lako kamili kama lilivyo kwenye cheti chako. Je, linaingia lote katika ASCII? Kama hapana, chora kinachokosekana.

MAJIBU

1. Ni L. 2. 66, 66, 66, 126, 66, 66, 66, 0. 3. 128 × 16 = 2048. 4. Nafasi nne: é, è, ê na à. 5. Weka vitone viwili vya 8 na 4 kwenye mstari wa 8. Namba ya mwisho inakuwa 12. 6. Jibu hili ni la kila mmoja. Michoro iletwe kwa mwalimu wa hesabu kwenye karatasi ya miraba, pamoja na namba zake nane, nasi tutachapa iliyo sahihi katika toleo linalofuata.